"Filamu ya Magharibi" au "Filamu ya Kauboi"? Fundisho la Istilahi Kutokana na Filamu ya Niger

Hivi karibuni tulipata kusoma tafsiri ya Kiswahili ya programu ya tamasha moja la filamu. Katika ukurasa wake mmoja tulikuta sentensi hii: "Filamu hii ya Magharibi kutoka Afrika Magharibi inawahusu vijana wa kijiji kimoja." Mfasiri alikuwa mwangalifu, na sarufi yake haikuwa na kasoro. Hata hivyo, tulipowasomea walimu wawili wenzetu sentensi hiyo, wa kwanza alidhani kwamba filamu ilitengenezwa na Wazungu waliokwenda kupiga picha Afrika. Wa pili alidhani kwamba mpiga chapa alirudia neno moja kwa makosa. Hakuna aliyetambua kwamba iliyokuwa ikizungumzwa ni filamu ya aina ile ile ambayo yeye mwenyewe, katika ujana wake, alikuwa akiilipia kiingilio na kuiita "picha ya kauboi".

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwa maoni yetu si dogo. Filamu iliyotajwa ni kazi ya Mwafrika, na istilahi mbaya imemnyang'anya kazi yake na kuwapa wengine. Katika makala hii, basi, tutaieleza filamu yenyewe na kuihakiki, kisha tutajaribu kuonyesha kwamba filamu hiyo, ikitazamwa vizuri, inatusaidia kuchagua istilahi iliyo bora.

Filamu yenyewe

Filamu hiyo ni Le Retour d'un aventurier, iliyotengenezwa na Moustapha Alassane wa Niger mwaka 1966. Ni filamu fupi ya dakika 34. Alassane alizaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015. Alijifunza kazi yake kwa Mfaransa Jean Rouch, kisha akaiendeleza nchini Kanada kwa Norman McLaren, bingwa wa filamu za michoro. Alikwisha kutengeneza Aouré mwaka 1962, na La Mort de Gandji, ambayo ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za michoro zilizotengenezwa na Mwafrika, mwaka 1965. Yafaa ikumbukwe kwamba Niger ilipata uhuru mwezi Agosti 1960, na kwamba mwaka huo huo wa 1966 ndio Ousmane Sembène wa Senegal alipotoa La Noire de... Kwa hiyo tunazungumzia kazi iliyozaliwa pamoja na sinema ya Afrika yenyewe.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Kijana aitwaye Jimmy anarudi kijijini kwao kutoka Marekani. Kama ilivyo desturi ya msafiri, anawaletea rafiki zake zawadi. Lakini zawadi zake ni mavazi ya kikauboi: kofia za ukingo mpana, mikanda na bastola. Rafiki zake wanayavaa, na pamoja na mavazi wanajitwalia majina mapya. Mmoja anakuwa Black Cooper. Mwanamke aliye katika kundi hilo, ambaye anaigizwa na Zalika Souley, anakuwa Reine Christine, yaani Malkia Christine. Wanapanda farasi na kukimbia nyikani penye twiga. Wanagombana, wanapigana, wanaiba. Kilichoanza kama mchezo wa kuiga kinageuka kuwa jeuri ya kweli, na kijiji kilichokuwa na utulivu kinapoteza utulivu wake mbele ya macho ya wazee.

Mtazamaji asiye makini atasema kwamba hapa Alassane ameiga tu filamu za Marekani, kama vijana wake wanavyoiga. Sisi tunaona kinyume chake. Katika filamu za Marekani za aina hii, shujaa hufika mahali ambapo sheria bado haijafika au haijapata nguvu. Tazama Shane ya mwaka 1953: mgeni anafika bondeni, anawakuta wakulima wakionewa, anatumia bastola kuwaondolea dhuluma, kisha anakwenda zake. Bastola katika kisa cha namna hiyo ni mkunga wa sheria. Katika filamu ya Alassane mambo yamepinduliwa. Anayefika si mgeni bali ni mwana wa kijiji. Mahali anapofika hapakukosa sheria: pana wazee, pana mila, pana heshima baina ya rika na rika. Bastola haileti sheria, inaifukuza. Alassane amechukua kila chombo cha filamu ya kauboi, kuanzia kofia hadi farasi, akakifanya kiseme jambo ambalo hakikupata kulisema huko kilikotoka.

Hiyo ndiyo sifa kubwa ya filamu hii. Kasoro nazo zipo. Wahusika wake tunawajua zaidi kwa kofia na majina yao kuliko kwa nafsi zao. Reine Christine, hasa, amepewa nafasi ya kuwa na jeuri sawa na wanaume, lakini hakupewa kisa chake mwenyewe. Tungependa kujua mwanamke wa kijijini anapata nini, na anapoteza nini, anapojiunga na kundi kama hilo. Dakika 34 hazikutosha kulijibu swali hilo, na pengine Alassane hakulikusudia. Twalitaja kwa sababu uhakiki usiotaja upungufu ni sifa tu.

Neno "Magharibi"

Sasa turudi kwenye sentensi ya mfasiri wetu. Kosa lake lilitokana na kulifasiri neno badala ya kuifasiri dhana. Aliona neno la Kiingereza "western", akafungua kamusi, akakuta "a magharibi", akaandika. Lakini neno hilo, linapotumiwa kwa filamu, halimaanishi upande wa machweo kwa jumla, wala halimaanishi nchi za Ulaya na Marekani kwa pamoja. Linamaanisha sehemu za Marekani zilizoko magharibi ya mto Mississippi, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati walowezi walipokuwa wakizivamia na kuwapokonya wenyeji ardhi yao. Mwamerika anaposema "Magharibi" kwa maana hiyo, anataja mahali pake maalumu, kama Mswahili wa pwani anavyoweza kusema "bara" na kila mwenziwe akafahamu ni bara ipi.

Katika Kiswahili neno "Magharibi" lina kazi zake nyingine. Ni upande wa dira. Ni wakati wa jua kuchwa, na ni sala ya wakati huo. Katika magazeti na hotuba, "nchi za Magharibi" ni kundi la mataifa yenye siasa na uchumi wa namna fulani. Tukilitwika neno hilo maana ya nne, yaani filamu za bastola na farasi, tutakuwa tumelielemea. Msomaji atachukua maana anayoizoea zaidi, ambayo ni ile ya magazeti. Kwa hiyo "filamu ya Magharibi" kwake itakuwa filamu ya Wazungu. Na inapotokea kwamba filamu yenyewe imetoka Niger, nchi iliyoko Afrika Magharibi, mkanganyiko unakuwa kamili.

Wengine watasema kwamba istilahi hiyo inafaa kwa kuwa inafuata lugha ya asili. Tunawajibu kwa mfano wa Wafaransa. Wao ni jirani wa Waingereza, na wanalo neno lao la "a magharibi". Hata hivyo, kwa filamu za aina hii, hawakulifasiri neno hilo. Walilichukua kama lilivyo, wakasema "western". Waitalia na Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Walitambua kwamba neno limekwisha kuwa jina la aina ya filamu, na jina la kitu halifasiriwi kwa kuangalia mizizi yake. Kama wenye lugha zilizo karibu na Kiingereza waliiona hatari hiyo, sisi tulio mbali zaidi twapaswa kuiona mara mbili.

Kauboi na mchunga ng'ombe

Kama hatukubali "filamu ya Magharibi", tuseme nini? Baadhi ya wafasiri hupendekeza "filamu ya wachunga ng'ombe", kwa hoja kwamba neno hilo ni la Kiswahili safi. Hapa ndipo filamu ya Alassane inapotoa ushahidi ulio wazi kuliko kamusi yoyote.

Wachunga ng'ombe wa kweli wapo Niger. Wafulani na jamii nyingine za nchi hiyo wameishi kwa mifugo kwa karne nyingi. Mchunga ng'ombe huko ni mtu wa kazi: anajua malisho, anajua visima, anajua ugonjwa wa mnyama kwa kumtazama. Jimmy na wenziwe hawachungi kitu. Wanavaa kofia ya mtu anayechunga ng'ombe wa nchi nyingine, katika nchi ambayo wachungaji wake hawaitambui kofia hiyo. Kejeli yote ya filamu imo katika tofauti hiyo. Mfasiri akiwaita "wachunga ng'ombe", ameifuta kejeli, na msomaji wa Kiswahili atashangaa kwa nini wachunga ng'ombe wa kijijini wawe kitu kigeni kijijini. Vivyo hivyo msomaji wa kwetu, anayewafahamu wafugaji wa Kimasai au wa Kisukuma, akisoma "mchunga ng'ombe" ataona fimbo, hataona bastola.

Ni kweli kwamba kauboi wa historia alikuwa mfanyakazi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865, vijana wa ujira waliswaga makundi ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli, kama vile Abilene huko Kansas, ambako biashara hiyo ilianza mwaka 1867. Wengi wao walikuwa watu Weusi na Wameksiko. Lakini sinema iliwaacha nyuma watu hao, ikamtengeneza kauboi mwingine, karibu kila mara Mzungu, ambaye kazi yake ni farasi na bastola. Serge Moati alipotengeneza filamu kuhusu Alassane na wenziwe walivyokuwa kazini mwaka huo wa 1966, aliipa jina Les Cow-boys sont noirs, yaani makauboi ni Weusi. Lilikuwa fumbo kwa watazamaji wa Ulaya. Kwa mwenye kuijua historia lilikuwa kweli tupu. Kwa hiyo Kiswahili kinahitaji maneno mawili: "mchunga ng'ombe" kwa mfanyakazi, na "kauboi" kwa mhusika wa sinema na kwa kila anayemwiga.

Neno "kauboi" halihitaji kubuniwa. Limekuwa midomoni mwa watazamaji wetu tangu zamani, pamoja na "steringi" wao, ambaye kila mtoto anajua kwamba hafi. Na hatukuwa peke yetu. Katika miji ya migodi ya shaba, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watazamaji wa enzi za ukoloni walimwita kila shujaa wa filamu hizo "Jeke", kutokana na jina Jack. Mjini Kinshasa, ambao wakati huo uliitwa Léopoldville, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills kwa kumwiga Buffalo Bill, na msimu wao ukaitwa Hindubill. Watu hao wote hawakungoja kamati. Waliitazama filamu, wakaona kiini chake ni mtu wala si upande wa dira, wakaipa jina kwa kumtazama mtu huyo. Mwanaistilahi anayepuuza ushahidi wa namna hii anajitafutia taabu bure.

Maneno mengine ya jamii hii

Kuna maneno mengine yanayoandamana na filamu hizi, nayo yana mitego yake. Tutayataja mawili.

La kwanza ni jina la yule mkuu wa usalama wa mji mwenye nyota kifuani. Tumepata kuona likiandikwa "sherifu", na mara moja tuliliona likiandikwa "sharifu". Kwa msomaji wa pwani, sharifu ni mtu wa ukoo wa Mtume. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote: la Kiingereza lilitokana na msimamizi wa jimbo katika Uingereza ya kale, na letu limetoka katika Kiarabu. Kumpiga risasi "sharifu" katika maandishi ya chini ya filamu kutawachukiza watu pasipo sababu. "Mkuu wa polisi wa mji" ni maneno marefu, lakini hayampotoshi mtu.

La pili ni dhana ya ukingo wa makazi ya walowezi. Wafasiri huandika "mpaka". Mpaka kwetu ni mstari baina ya nchi na nchi au shamba na shamba, wenye wenyewe pande zote mbili. Dhana ya Kimarekani ni tofauti: inadai kwamba ng'ambo ya mstari hakuna mwenyewe, ingawa wenyeji walikuwepo. Tukiandika "mpaka" tunaificha dhuluma iliyomo ndani ya dhana hiyo. "Ukingo wa ulowezi" ni istilahi iliyo wazi zaidi, kwa sababu inamtaja anayesonga mbele. Katika kijiji cha Alassane ukingo huo haupo kabisa, kwa kuwa kila mahali pana mwenyewe. Na ndiyo maana mwenendo wa Jimmy na wenziwe unaonekana kuwa uhalifu, wala hauonekani kuwa ushujaa.

Hoja za wanaopinga

Tunatazamia hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba si kila filamu ya aina hii ina kauboi ndani yake: nyingine zina wanajeshi, nyingine wachimba dhahabu, nyingine majambazi wa reli. Hoja hiyo ni ya kweli lakini haina nguvu. Istilahi si orodha ya yaliyomo. Neno "simu" asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya; leo tunabeba mfukoni simu zisizokuwa na waya, na hakuna anayedai tubadilishe neno. Jina hutolewa kwa alama iliyo mashuhuri, kisha matumizi hulipanua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Itasemwa kwamba kukubali "kauboi" ni kufanya kama Jimmy, yaani kuvaa nguo za kuazima huku tukiwa na zetu. Tumeifikiria sana hoja hii. Lakini tuitazame tena filamu. Alassane naye ameazima: ameazima kamera, ameazima farasi wa mbio na kofia za ukingo mpana, ameazima aina nzima ya usimulizi. Tofauti yake na Jimmy ni kwamba Jimmy alivaa nguo bila kuzipima, naye Alassane alizifumua, akazishona upya kwa kimo cha kijiji chake. Hivyo ndivyo ilivyo katika lugha. Kosa la mfasiri wa programu halikuwa kukopa. Hata herufi moja hakukopa. Alitumia neno la Kiswahili safi, lakini akalivika wazo la Kimarekani bila kupima kama linamtosha msomaji wake. Ukopaji unaweza kujificha ndani ya maneno yetu wenyewe, na ukopaji wa namna hiyo ni wa hatari zaidi kwa kuwa hauonekani.

Tunao mfano mwingine wa karibu zaidi. Mwaka 1962 Howard Hawks, aliyekwisha kutengeneza filamu mashuhuri za kauboi, alitoa filamu aliyoipiga Tanganyika, katika sehemu za Arusha, na mwigizaji wake mkuu alikuwa John Wayne. Ndani yake wanaume wanawafukuza wanyama kwa magari na kuwanasa kwa vitanzi, kazi ile ile ya kauboi ila farasi amekuwa gari. Filamu hiyo iliitwa Hatari! Neno ni letu, tena safi. Lakini lilitumika kama kiungo cha kutia ladha, na watu wenye lugha hiyo hawakupewa mengi ya kusema ndani ya filamu. Twiga wapo katika filamu hiyo, na twiga wapo katika filamu ya Alassane. Filamu ya Hawks ina jina la Kiswahili lakini hadithi yake si ya Waafrika. Ya Alassane ina jina la Kifaransa, mavazi ya Kimarekani, na hadithi yake ni ya Niger. Asili ya neno, basi, haitoshi kutuambia kitu ni cha nani.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaoandaa programu, vitabu na matangazo:

(1) Aina hii ya filamu iitwe "filamu ya kauboi", wingi "filamu za kauboi", bila kujali imetengenezwa wapi. Nchi itajwe baadaye: filamu ya kauboi ya Niger, ya Italia, ya Marekani.

(2) "Filamu za Magharibi" liachwe kwa filamu za Ulaya na Marekani kwa jumla, pale inapolazimu.

(3) "Kauboi", wingi "makauboi", litumike kwa mhusika wa sinema na anayemwiga. "Mchunga ng'ombe" libaki kwa mtu wa kazi.

(4) "Sherifu" liepukwe, na "mpaka" lisitumike pale ambapo maana ni ukingo wa ulowezi.

Limebaki jina la filamu yenyewe. Neno la Kifaransa "aventurier" lina sura mbili: ni mtu shujaa apendaye safari na mikasa, na ni mtu asiyeaminika anayeishi kwa kubahatisha. Alassane anazitumia zote mbili, maana Jimmy anashuka akiwa wa kwanza, na kabla ya filamu kwisha tumekwisha kumjua wa pili. "Marejeo ya Mjasiri" inabeba sura ya kwanza tu. "Marejeo ya Mhuni" inatoa siri mapema. Sisi tunaelekea kwenye "Marejeo ya Msaka Mikasa", kwa kuwa asakaye mikasa huenda akaipata, na huenda akawaletea wenziwe. Hata hivyo hatudai kwamba neno hilo limetimia. Wasomaji walio na lililo bora tunawaomba watuletee, ili liweze kupimwa kabla halijapigwa chapa katika programu nyingine.